Kamera Kwenye Nguzo ya Babu

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, si jirani wa binamu yangu, wala sikuyaokota kijiweni. Mke wangu alikuwepo. Kamera nane za dukani kwangu zilikuwepo, na zote nane zinafanya kazi mpaka leo. Kama wewe ni mtu wa kusema "alikuwa amelewa huyo", fahamu kwamba sinywi, na kwamba ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Iringa limewaka, watu wanapita nje na mikate na magazeti. Wenye visa kama hivi hupenda viwe vya usiku. Changu kilikuja mchana kweupe, kikakaa kwenye kiti.

Na jambo jingine ulijue mapema: mimi si mtu wa kutishwa na vivuli. Nina diploma ya elektroniki. Nimekaa Doha miaka tisa nikifunga kamera za ulinzi kwenye maghala ambayo ukiingia mlango wa mbele huoni wa nyuma. Nilikwenda huko na begi moja la mgongoni, nikarudi na ujuzi ambao hapa mtaani Mlandege hakuna mwenye nao, nasema bila kuogopa. Duka langu limeandikwa jina kwa taa. Mke wangu Leah, ambaye ni Mhehe wa papa hapa, huwa ananiita Fundi Diploma mbele ya wateja. "Ninyi Wanyakyusa," husema, "mkinunua tochi mnaitisha kikao cha ukoo mwangaliwe mkiiwasha." Namwacha acheke. Mtu aliyekitafuta kitu chake mwenyewe ana haki ya kukiwasha.

Sasa sikiliza.

Mama yangu anaishi kwetu, Rungwe, ukitoka Uyole unapandisha kuelekea Tukuyu, kwenye migomba na ukungu. Baba alifariki nikiwa Doha. Mama ana umri wa miaka sabini na kitu, ana sukari, na hataki kusikia habari ya kuhamia Iringa. "Huko kwenu kuna vumbi na upepo," anasema, "mimi nitakuwa napalilia nini?" Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu, na nakitaja sasa hivi ili ujue moyo wangu ulikuwa wapi: niliogopa aanguke peke yake na asijulikane mpaka jioni.

Niliporudi nikamjengea nyumba. Ya bati la rangi, madirisha ya vioo, maji ndani na nje. Ili kupata nafasi nilibomoa kijumba cha babu, baba yake baba, cha udongo na mianzi, ambacho baada ya kifo chake kiligeuzwa stoo ya majembe. Babu simkumbuki. Alikufa nikiwa mchanga, na hakuacha picha hata moja. Katika kile kijumba kila kitu kilikuwa kimeoza isipokuwa nguzo moja ya mlangoni, mti mgumu ambao mchwa walikuwa wameujaribu wakauacha. Niliisukuma, haikutikisika. Nikasema hii siing'oi, hii ni nguzo ya kamera. Ilikuwa imesimama katikati ya uwanja wa nyuma. Ukiweka jicho pale unaona jiko la nje, bomba, njia ya kwenda migombani, vyote kwa mara moja. Engo ya namna hiyo hata Doha sikuwahi kuipata.

Nikafunga kamera nne. Ya kwanza getini, ya pili barazani, ya tatu kwenye nguzo ya babu, ya nne stoo mpya. Zote naziona kwenye simu yangu nikiwa Mlandege.

Mama alisimama pembeni ya jiko siku ile, mkono kiunoni.

"Baba," akaniita, maana ndivyo anavyoniita, "hapo mlangoni kwa mzee ndipo unapoweka jicho?"

"Mama, mlango haupo tena. Imebaki nguzo."

"Na mimi nitakuwa napitaje?"

"Pita tu, mama. Kamera haiumi."

Akatikisa kichwa, akaingia jikoni. Mimi nikaendelea kukaza skrubu, tena nikipiga mluzi. Nikikumbuka ule mluzi hadi leo nasikia aibu.

Wiki ya kwanza tu, kamera ya tatu ikaanza kugoma kurekodi. Si kwamba ilikufa. Ingekufa ningeshukuru, kitu kilichokufa kina sababu moja. Hii ilikuwa inazima dakika tano, inawaka, inarekodi saa nzima vizuri kabisa, inazima tena dakika kumi. Nikitazama moja kwa moja kwenye simu naona giza. Nikirudi kwenye kumbukumbu za siku naona mapengo. Kila ikizima, simu yangu inapiga mlio wa taarifa. Kwa siku mara ishirini, mara thelathini.

Nikasema hii ni kazi ndogo. Nikiwa Iringa nikaiwasha upya kwa mbali, nikasahihisha saa yake, nikapandisha programu mpya. Wapi! Jumamosi nikaendesha gari mpaka nyumbani, Mafinga, Makambako, Chimala, nikafika jioni nimekakamaa mgongo. Nikabadilisha memori kadi. Nikabadilisha adapta. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye ruta, nikapima umeme kila kiungo, uko sawa kama ulivyoandikwa kitabuni. Mwisho nikafanya jaribio ambalo kila fundi mwenye akili hulifanya: nikaitoa kamera ya tatu nikaipeleka getini, na ya getini nikaileta kwenye nguzo. Kama ubovu uko kwenye kamera, utahama nayo. Sivyo?

Haukuhama. Ile niliyoiita mbovu ilikaa getini ikarekodi bila kukosa hata dakika. Na ile nzima, niliyoifunga kwenye nguzo, ikaanza kuzima.

Usiku ule nilikaa na kompyuta nikapitia kumbukumbu za wiki tatu. Kuku walikuwemo. Mbwa alikuwemo. Mama Atupele, jirani yetu, alikuwemo akija kuomba moto na akiondoka na ndizi. Mama yangu, mwenye nyumba, anayepita uwanja ule kuliko mtu yeyote, hakuwemo hata mara moja. Hata kisigino.

Na kulikuwa na kitu kingine. Kamera zile zinachukua na sauti. Mwisho wa kila kipande, kabla ya pengo, kulikuwa na mlio mfupi, mkavu. Kh-hm. Kila mara. Nikaandika kwenye daftari langu la kazi: "Mlio wa umeme kukatika, chunguza." Diploma hiyo.

Asubuhi nikamuuliza mama, na naomba Mungu anisamehe kwa namna nilivyomuuliza.

"Mama, unaizima ile kamera ukipita?"

Aliweka kikombe chini. "Nitapandaje kule juu, baba? Kwa ngazi gani? Na magoti haya?"

"Basi labda unagusa waya."

"Nimekuambia siigusi. Hata kuitazama siitazami." Akavuta kitenge chake begani. "Iondoe hapo, nakuomba. Weka popote, hapo paache."

"Mama, hiyo ndiyo engo."

Nikarudi Iringa, na nikafanya jambo ambalo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Ule mlio wa taarifa ulikuwa unanichosha mbele ya wateja. Fundi wa kamera ambaye kamera ya mama yake inalia mbovu kutwa nzima, picha gani hiyo? Nikaunyamazisha. Ikabaki kimya.

Ikawa mwezi wa saba. Iringa ni kavu mwezi huo, baridi, vumbi linatembea barabarani kama mwenyeji. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya kaunta nafungua kifaa cha kurekodia cha mteja. Leah alikuwa anapanga maboksi kwenye shelfu. Mzee akaingia.

Alikuwa mrefu, amevaa koti refu jeusi la zamani, la kizazi ambacho koti lilinunuliwa mara moja kwa maisha. Miguu mitupu. Koti lilikuwa limeloa, linadondosha maji sakafuni. Nikajiuliza, mvua gani? Nje kulikuwa na jua. Nikadhani kapita mahali wanapoosha magari.

"Kamwene, baba," Leah akamsalimu Kihehe, kama anavyosalimu wazee wote.

Mzee akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye? Ndiye mke wangu huyu? Mbona hamkuniambia kama ni mzuri hivi? Mama, mwache huyu kijana, anajisifu sana. Njoo ukae na mimi, nina migomba."

Leah alicheka mpaka akaegemea shelfu. "Mzee umenikuta nimechoka naye kweli! Ngoja nikuletee chai kwanza, tufunge safari umeshiba." Akaingia chumba cha nyuma kuwasha birika.

Mimi mzee akanisalimu Kinyakyusa. Nikafurahi, nikaitikia, nikamvutia kiti. Hapa Mlandege si kila siku unapata mtu wa kwetu mwenye Kinyakyusa kile cha ndani, cha wazee. Akakaa. Hakuegemea. Niamini, uso wake niliuona kama ninavyoiona karatasi hii: mashavu yaliyoingia ndani, ndevu chache nyeupe kidevuni, na pua pana.

"Una kamera yako moja haishiki picha," akasema.

"Mimi? Hapana mzee, hizi zote ni za wateja."

"Ile ya tatu. Ya kwenye nguzo."

Nikaweka bisibisi chini. "Nani kakuambia habari ya nguzo?"

Alitazama mikono yake. "Sikiliza, nimetoka mbali na sina nafasi ya kukaa. Mke wa mwanangu ameanguka. Yuko nyuma ya jiko, pale kwenye bomba. Mvua inamnyeshea. Nimekohoa ili ainuke apishe njia, hakuinuka. Nimekohoa tena. Nimekohoa mpaka koo limekauka. Mimi siwezi kwenda pale alipo, wewe unajua. Si mtu wa mimi kumgusa."

Nikaona huyu ni mzee amechanganyikiwa na shida ya kwake. Moyo ukanisikitika. "Pole sana, mzee. Unakaa wapi? Gari ninalo hapo nje, twende sasa hivi tumpeleke hospitali."

"Gari lako halifiki kwa wakati. Piga simu."

"Nimpigie nani, mzee? Watu wako mimi siwajui."

Hapo akapandisha sauti, na ile sauti, sijui nikuelezeje, nilihisi kama nakaripiwa na mtu mwenye haki ya kunikaripia. "Wewe ulisomea nini huko ulikokwenda? Si unajidai una jicho linaloona mpaka kwetu? Lichungulie! Toka saa ngapi limefumba?"

Sijui kwa nini nilitii. Nikachukua simu, nikafungua kamera zangu za nyumbani. Ya kwanza inaonyesha geti na manyunyu. Ya pili baraza. Ya nne stoo. Ya tatu giza. Imezima toka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Katika miezi yote ile, pengo refu kuliko yote lilikuwa dakika ishirini. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Nikampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikampigia Mama Atupele.

"Mama Atupele, umemwona mama leo?"

"Sijamwona, nilijua kaenda kanisani. Kuna nini, baba?"

"Kimbia. Nyuma ya jiko, kwenye bomba. Kimbia, usikate simu!"

Nikasikia ndala zake zikipiga matope, nikasikia geti, nikasikia anahema. Halafu nikasikia amepiga yowe, "Yesu wangu! Yuko hapa! Yuko baridi kama samaki!" "Anapumua?" nikauliza. "Mama Atupele, anapumua?" "Anapumua. Anapumua, baba. Nawaita watu."

Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu.

Mlango wa duka langu una kengele, haukulia. Leah alitoka nyuma na chai, akasimama. "Mgeni wangu yuko wapi?" Kisha akaniona uso, akaweka sinia chini. Nikamweleza kwa maneno manne. Yeye ndiye aliyenionyesha sakafu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti kulikuwa na nyayo za matope meusi, yenye unyevu, tope la Rungwe lile lenye rutuba, na hapa kwetu udongo ni mwekundu. Zilikuja. Hazikurudi.

"Huyu mzee," Leah akasema taratibu, amechuchumaa, "mguu wa kushoto ana vidole vinne. Kidole gumba hakipo."

Tulifunga duka tukaondoka. Tulipopita Makambako Leah akasema, "Alikuwa na pua yako." Nikasema, "Najua." Basi.

Mama alikuwa ameshafikishwa hospitali Mbeya mjini. Sukari ilishuka alfajiri akiwa anakinga maji, akaanguka, nyonga ikavunjika, akalala kwenye manyunyu zaidi ya saa tatu. Daktari, dada mmoja mpole, aliniambia baridi ile ndiyo iliyokuwa inammaliza. Kama angekaa pale mpaka mchana, alisema, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Nilitoka nje nikalia kwenye korido, mimi na diploma yangu, na sikujali nani ananiona.

Siku ya tatu mama akapata nguvu za kuongea. Mimi nilikuwa nimeshahamishia kwenye simu kumbukumbu za kamera za dukani. Nakuambia, kamera nane, nimezipanga mwenyewe ili duka lisiwe na kona iliyofichika. Mzee yumo katika zote nane, wazi, koti linadondosha maji. Na katika zote nane amegeuza mgongo. Ya mlangoni, mgongo. Ya nyuma ya kaunta, ambayo inatazama uso wa kila mteja anayekaa kwenye kiti kile, mgongo. Mimi ninaonekana nikiongea naye ana kwa ana, macho yangu yakiwa kwenye uso wake, na kamera iliyo sentimita chache juu ya kichwa changu inaona kisogo. Nieleze wewe. Mimi nimeshindwa.

Nikakaa kando ya kitanda. "Mama, nataka nikuonyeshe mtu. Ndiye aliyetuletea habari zako. Labda unamfahamu."

Nikabonyeza. Kabla picha haijaanza kusogea, ilitoka sauti. Kh-hm.

Mama yangu, mwenye nyonga iliyofungwa, ambaye manesi wawili walishindwa kumgeuza asubuhi ile, alijivuta akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Zima!" akasema chini ya shuka. "Zima hiyo, baba! Huyo si mtu wa mimi kumtazama."

Nikazima. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bado amejifunika, "Miguu yake uliiona?"

"Niliiona."

"Wa kushoto?"

"Vidole vinne."

Akafunua uso, na macho yake yalikuwa na maji.

"Shoka lilimkata kabla sijaolewa," akasema. "Miguu ndiyo ninayoijua. Uso wake sijauona maisha yangu yote. Niliishi naye kaya moja miaka sita. Tulikuwa tumebatizwa, tunasali, lakini mkwe na mkamwana walikuwa hawaonani, ndiyo ilikuwa heshima yetu. Akitaka kupita anakohoa kutoka mbali, mimi natoka njiani, napiga magoti migombani, najifunika. Wakati mwingine nachelewa, ndipo naona miguu inapita. Jina lake sijawahi kulitaja, na leo silitaji."

Sasa unaelewa? Wewe unayesoma labda ulishaelewa zamani. Mimi mwenye Kinyakyusa cha kuzaliwa ilibidi nifike wodini. Nilikuwa nimesikia habari za mwiko huo utotoni, kama mtu anavyosikia habari za nauli za zamani. Nikachukua mlango wa mkwe, nikaweka jicho juu yake, nikaligeuzia jikoni kwa mkamwana. Halafu nikalisuta jicho kwa kufumba.

"Kwa nini alizipa mgongo kamera zangu?" nikamuuliza.

"Alijua utaniletea," mama akajibu.

Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. "Wewe alikuwa anakupenda sana. Nilikuwa nakulaza kwenye mkeka, pale mlangoni kwake, naondoka zangu. Nikishatokomea ndipo anatoka, anakuchukua. Akichoka anakulaza palepale, anakohoa, anaingia ndani, mimi naja kukuchukua. Hatukuwahi kupokezana mkono kwa mkono. Siku zile mtoto wa kulazwa mkekani ulikuwa wewe, baba. Safari hii nilikuwa mimi."

Mama aliruhusiwa baada ya wiki kadhaa. Leo anatembea kwa mkongojo, na Mama Atupele ana ufunguo wa geti na analala naye siku tatu kwa wiki. Siku aliyorudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kupanda ngazi na kuitoa kamera kwenye nguzo. Niliziba matundu ya skrubu kwa mikono yangu. Nikaifunga kwenye ukuta wa jiko, inatazama bomba na njia, nguzo imebaki pembeni, nje ya picha. Engo si nzuri. Inakata nusu ya uwanja. Toka siku hiyo haijakosa hata dakika moja.

Mama alitaka kushukuru. Lakini angemshukuruje mtu ambaye haruhusiwi hata kumsemesha? Akanituma mimi. Alisimama nyuma ya jiko, kitenge kichwani, ameupa uwanja mgongo, nami nikaenda mpaka kwenye nguzo, nikavua kofia. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Ninajua kuhutubia, waulize Mlandege. Maneno yote yakanipotea. Nilisema, "Ndaga, babu. Mkamwana wako anasema ndaga. Na mimi." Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyesahau shairi. Kutoka nyuma ya jiko nilisikia mama anapiga makofi taratibu, kwa viganja vilivyokunjwa, vile wanawake wa kwetu wanavyowashukuru wakubwa.

Hakuna kilichonijibu. Sikudanganyi, ningependa kusema kulikuwa na kikohozi. Hakikuwepo. Nadhani kazi ilikuwa imekwisha.

Kilichobaki kwangu ni hiki. Nyayo zile dukani Leah alikataa kuzipiga deki tulipoondoka, na tuliporudi zilikuwa zimekauka zikawa vumbi jeusi. Akalikusanya kwenye kopo, tukalirudisha Rungwe tukalimwaga chini ya nguzo. Ile video ninayo. Sijamwonyesha mtu yeyote, na usiniombe. Na kazi yangu nimeibadilisha. Nikiitwa kufunga kamera nyumba ya mtu, hata awe meneja mwenye ghorofa, kabla sijatoboa ukuta namuuliza: hapa zamani palikuwa na nini, na nani alikuwa anakaa? Wengine hucheka. Wengine huniambia, "Fundi, hapo usiweke."

Kwa hiyo nawe nakuonya, wewe mwenzangu uliyerudi na ujuzi na masanduku. Mzee wako akikuambia mahali fulani paachwe, paache, uulize sababu baadaye ukiwa na chai mkononi. Kifaa chako kikigoma kila anapopita mtu mmoja, kadi badilisha, adapta badilisha, lakini mtazame na huyo mtu. Na ule mlio unaokukera, unaokuaibisha mbele ya wateja, usiunyamazishe. Mimi niliunyamazisha, ikabidi mzee aliyelala ardhini miaka arobaini na kitu atembee miguu mitupu mpaka Iringa.

Leo asubuhi simu ililia kabla sijanywa chai. Kamera ya tatu, kuna mtu anapita. Nikafungua. Alikuwa mama na mkongojo wake, anakwenda bombani. Alipokaribia usawa wa nguzo alivuta kitenge usoni, akazunguka mbali, kwa magoti yale mabovu, hatua kumi za ziada ambazo daktari alimkataza.

Nilitaka kumpigia nimwambie, mama, pita karibu, utachoka. Nikaacha.